Tumchangie Mgonjwa, Tusingoje Maiti

Hakuna kijiji wala mtaa katika nchi hii usiojua kuzika. Mtu akifariki alfajiri, kabla ya adhuhuri daftari limekwisha kufunguliwa. Mwenye elfu moja ametoa, mwenye elfu kumi ametoa, akina mama wamekusanyika na masufuria, vijana wamekwenda makaburini na majembe. Hapana anayeuliza marehemu alikuwa wa kabila gani wala wa dini gani. Vyama vya kuzikana tunavyo tangu enzi za mababu zetu, na hata waliohamia mijini waliviunda upya huko huko, kwa sababu hapana anayependa kuzikwa na manispaa. Hilo ni jambo la kujivunia, wala gazeti hili halitalisema vibaya.

Lakini yatupasa tuulizane, ndugu zetu, swali moja lenye uchungu. Huyo tuliyemzika kwa michango ya siku moja, alipokuwa kitandani miezi mitatu, daftari lake lilikuwa wapi? Mara nyingi halikuwapo. Mkewe aliuza mbuzi, akauza ng'ombe, kisha akaweka rehani shamba la mikorosho. Mtoto mkubwa aliacha shule ili akauze karanga stendi. Sisi majirani tulipita jioni, tukasema "pole", tukaacha machungwa manne, tukaondoka. Fedha ambayo ingemponya tulikuwa nayo mifukoni. Tuliitoa alipokwisha kufa.

Ndiyo sababu juma hili twataka kusema juu ya bima ya afya, tena kwa kirefu, maana twajua wanachama wengi wakisikia neno bima hudhani ni mambo ya wenye magari.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi wa Novemba 2023. Shabaha yake ni kwamba kila mkaazi wa Tanzania Bara awemo katika bima, na yule asiyejiweza kabisa alipiwe kwa fedha ya umma. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao na mfuko wao, ulioanza na watumishi wa Serikali mwaka huo huo wa 2023. Tangu hapo wanachama wametuuliza mengi katika mikutano ya matawi. Wako wanaouliza kama hii si kodi ya kichwa iliyovikwa koti jeupe la daktari. Wako wanaosema: "Mimi sijaugua miaka kumi, nilipe ya nini?" Na wako wanaouliza swali zito kuliko yote: "Nikilipa, dawa zitakuwapo?"

Tuanze na la katikati, maana asiyelielewa hilo hawezi kuyaelewa mengine.

Chukua kijiji chenye nyumba mia moja. Kila nyumba ikitoa Sh. 30,000 kwa mwaka, mfuko unakuwa na Sh. 3,000,000. Tuseme upasuaji mmoja wagharimu Sh. 500,000. Mfuko huo waweza kulipia upasuaji wa watu sita. Basi katika nyumba hizo mia, mwaka ukiwa na wagonjwa sita wa namna hiyo, wote watapona na hakuna ng'ombe atakayeuzwa. Sasa tuseme watu wa kijiji hicho ni wajanja. Wenye afya wanangoja, na nyumba zinazolipa ni zile kumi tu zenye mgonjwa ndani. Mfuko utakuwa na Sh. 300,000, na wagonjwa ni walewale sita. Hata mmoja hatapasuliwa. Hapo watu watasema bima ni wizi, kumbe hapakuwa na mwizi. Wajanja ndio waliouua mfuko.

Huu si mfano wa ubaoni peke yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na mpango wa watoto ulioitwa Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa Sh. 50,400, mtoto akatibiwa mwaka mzima. Lilikuwa jambo zuri mno. Ila wazazi wengi hawakumkatia mtoto kadi siku alipokuwa akicheza mpira. Walimkatia siku daktari aliposema ana ugonjwa wa moyo au wa damu, au anahitaji kupasuliwa. Hatuwalaumu, maana mzazi mwenye mtoto mgonjwa hutafuta mlango wowote ulio wazi. Lakini mfuko wa wagonjwa watupu haudumu, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa, watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule zao au pamoja na familia nzima. Waliolia siku ile walilia kwa haki. Kilio hicho kilitokana na sisi wenye watoto wazima tulioona Sh. 50,400 ni fedha ya kutupa.

Kwa hiyo yule ndugu ambaye hajaugua miaka kumi ndiye hasa tunayemhitaji. Mwaka huu mchango wake utamtibu jirani, na siku atakapoanguka kutoka juu ya mnazi au kwenye pikipiki, jirani atamtibu yeye. Kuzikana hatukuanza kwa namna nyingine. Hakuna aliyeingia chama cha kuzikana kwa kutamani kufa.

Juu ya kodi ya kichwa. Mkoloni, Mjerumani kwanza na Mwingereza baadaye, alitoza kodi ya nyumba na ya kichwa, na aliyeshindwa alikamatwa. Wazee wetu walioilipa hawakuulizwa watapata nini. Mchango wa bima una daftari, una kadi, na una haki ndani yake ambayo mtu aweza kuidai mezani. Hiyo ndiyo tofauti, na ni tofauti kubwa maadamu haki hiyo inapatikana. Ikiwa mwananchi analipa, kisha anaambiwa dirishani "dawa hakuna, kanunue duka la pale nje", basi hatutakuwa na la kumjibu akisema kodi ya kichwa imerudi. Tutakuja huko.

Sasa, bima zenyewe ni zipi? Mfuko wa Taifa uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi 2001, kwa watumishi wa Serikali. Mtumishi hukatwa Sh. 3 katika kila Sh. 100 za mshahara wake, na mwajiri huongeza Sh. 3 nyingine. Mwalimu wa mshahara wa Sh. 600,000 hukatwa Sh. 18,000 kwa mwezi, mwajiri hutoa kiasi hicho hicho, na kwa mwaka jumla ni Sh. 432,000. Kadi hiyo humtibu yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Sifa yake kubwa ni kwamba mwenye mshahara mkubwa hutoa zaidi na mwenye mshahara mdogo hutoa pungufu, lakini dawa ni moja. Huo ndio ujamaa hasa, hata kama siku hizi wengine huona haya kulitamka neno hilo.

Mkulima, mvuvi na mamantilie hawana mshahara wa kukatwa. Kwa ajili yao ulianza Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001. Hapo mwanzo kadi ilikuwa haivuki wilaya. Ukiugua ulikokwenda kuuza vitunguu, ulikuwa mgeni usiye na kitu. Mwaka 2018 mfuko ulifanywa upya. Nyumba ya watu sita ilitakiwa kulipa Sh. 30,000 kwa mwaka huko mikoani, na kadi ikafika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Gawanya utaona ni kama Sh. 82 kwa siku kwa nyumba nzima. Hakuna pipi ya bei hiyo.

Hapo ndipo penye taabu. Weka Sh. 30,000 za mkulima kando ya Sh. 432,000 za mwalimu yule. Ya pili ni zaidi ya mara kumi na nne. Mwalimu akipata saratani, kadi yake humfikisha hospitali ya Taifa. Mkulima aliyemlisha mwalimu huyo, kadi yake ilisimama mkoani. Hatusemi mwalimu apunguziwe. Na sisi tulipita chuo cha ualimu, twajua mshahara wa mwalimu ulivyo. Twasema kwamba kapu mbili, moja la wenye mishahara na moja la wasio nayo, haziwezi kuitwa bima kwa wote hata zikipewa jina hilo. Fedha ya wenye nacho na fedha ya Serikali lazima ziingie katika kapu la mkulima. Sheria ya 2023 yenyewe imetaja ushuru wa vitu kama vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha kuwa chimbuko la fedha za kuwalipia wasiojiweza. Vema. Twaomba wabunge wetu wasimame kila mwaka wa bajeti waulize ushuru huo umeleta shilingi ngapi na zimekwenda wapi, tena waulize kwa sauti.

Ziko pia kampuni binafsi. Tusielewe vibaya: Chama si adui wa mtu afanyaye biashara yake kwa halali, na mwanachama mwenye uwezo akitaka kujikatia bima ya kampuni kwa ajili ya familia yake, hatumzuii. Ila ajue anachonunua. Kampuni hutazama umri wako na afya yako kabla ya kukupa bei. Kijana hulipa kidogo, mzee hulipa sana, na pengine mzee hapokelewi kabisa. Mkataba huwa na kikomo cha fedha kwa mwaka. Kikiisha mwezi wa Agosti, wewe na mfuko wako mpaka Januari. Kulazwa huweza kuwa na bei yake na matibabu ya kwenda na kurudi bei nyingine. Mama mjamzito aliyeingia leo huambiwa angoje, mara nyingi miezi kumi au mwaka, kabla uzazi wake haujalipiwa. Mwenye kisukari au shinikizo la damu la tangu zamani huweza kukuta ugonjwa huo umeandikwa upande wa vitu visivyolipiwa. Hata Mfuko wa Taifa, ulipotoa vifurushi vya watu binafsi mwaka 2019, uliviwekea bei kwa kufuata umri na ukubwa wa familia, cha chini kikianzia Sh. 192,000.

Mambo haya si siri. Yameandikwa yote katika mkataba, nao mkataba mara nyingi ni kurasa ishirini za Kiingereza cha wanasheria, na mwuzaji ni kijana mwenye tabasamu anayekuonyesha ukurasa wa kwanza tu. Katika nchi ambayo Kiswahili ndicho lugha ya Taifa, mtu anatia sahihi juu ya maisha ya watoto wake kwa lugha asiyoielewa! Twataka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima izilazimishe kampuni zote zinazouza bima ya afya kutoa mkataba kwa Kiswahili safi, na yale yasiyolipiwa yaandikwe mbele, kwa herufi kubwa. Jambo hili halihitaji msaada wa mfadhili.

Jambo jingine juu ya bima binafsi ni hili. Tukiwaacha wenye mishahara minono wahame wote kwenye kampuni, kapu la umma litabaki na wakulima, wazee na wagonjwa, na hapo hesabu ya kile kijiji cha nyumba mia itatimia nchi nzima. Bima binafsi na iwe nyongeza, kwa mtu anayetaka chumba cha peke yake na televisheni. Mchango wake wa umma autoe kwanza kama wengine.

Wako wazee wanaotuuliza kwa nini tusirudi kwenye matibabu ya bure. Ni swali la heshima. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati zilifika mahali ambapo mkoloni hakupeleka hata bakuli la dawa ya kwinini, na mgonjwa hakudaiwa. Mwaka 1977 ilitungwa sheria ya kudhibiti hospitali za binafsi, na utabibu wa kutafuta faida ukapigwa marufuku mpaka uliporuhusiwa tena 1991. Lakini miaka ya themanini uchumi ulianguka, zahanati zikabaki na kuta na mwuguzi mmoja, na mwaka 1993 ilianza kulipwa ada ya kuchangia katika hospitali za Serikali. Ada hiyo ya dirishani ndiyo mbaya kuliko njia zote, kwa kuwa humdai mtu siku ileile anapokuwa hana nguvu. Ni kweli ilisemwa kwamba mama wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza watibiwe bure, na ingali imeandikwa hivyo. Mama yeyote aliyekwenda kujifungua akiwa na glovu, wembe na pamba mkobani atakueleza maandishi hayo yana thamani gani wodini.

Tulisema tutarudi kwenye dawa. Kadi haitibu. Anayetibu ni daktari mwenye dawa. Mwezi wa Machi 2024 baadhi ya hospitali za binafsi zilitangaza kwamba hazitawapokea wenye kadi za Mfuko wa Taifa, kwa sababu ya ugomvi juu ya orodha mpya ya bei. Wagonjwa waliokuwa wakikatwa mishahara kila mwezi walikuta milango imefungwa, wengine wakiwa katikati ya matibabu. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki katika hesabu zile. Tunasema hivi: mwenye kadi hakuwa katika ugomvi ule, naye ndiye aliyepigwa. Serikali na wenye hospitali wakigombana juu ya bei, na wagombane ofisini huku mgonjwa akitibiwa. Iwekwe sheria kwamba hakuna hospitali itakayofunga mlango bila notisi ya kutosha, na hakuna mfuko utakaochelewesha malipo ya hospitali miezi na miezi. Na zahanati ya kijiji, ambako ndiko mkulima huanzia, ipate dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kiasi cha watu waliolipa. Nyumba mia nne zikilipa, dawa za nyumba mia nne zionekane rafuni.

Jirani zetu wana ya kutufundisha. Kenya walikuwa na mfuko wa hospitali tangu 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 waliuondoa wakaingiza mwingine, ambamo mtu wa mshahara hukatwa Sh. 2.75 katika kila Sh. 100, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kiasi cha chini kikiwa Sh. 300 za Kenya kwa mwezi. Shabaha ni njema, lakini haraka ilikuwa nyingi. Kesi zilikuwa mahakamani, mitambo ilisumbua, hospitali zilidai madeni ya mfuko wa zamani, na wagonjwa wakakwama kati ya kadi iliyokufa na kadi isiyozaliwa. Rwanda walikwenda kwa namna nyingine. Walianza na majaribio mwaka 1999, wakapanua pole pole, wakaweka viwango kwa kufuata hali ya nyumba, faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa mtu kwa mwaka, na wa chini kabisa walilipiwa. Tena huko nyumba haikubaliwi kulipia mmoja aliye mgonjwa na kuwaacha wengine. Viongozi wa mitaa walipimwa kazi yao kwa idadi ya walioandikishwa. Rwanda si nchi tajiri kuliko yetu.

Na hapa twasema na viongozi wetu wenyewe wa matawi na mashina. Kadi ya bima si kanga ya kampeni. Tumesikia mahali fulani mtu mwenye cheo akiwalipia watu bima mwaka wa uchaguzi, akapigwa picha, na mwaka uliofuata kadi zote zikafa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulipa tena. Huko ni kuwafundisha watu kungoja. Tumesikia pia orodha za wasiojiweza zikiwa na majina ya shemeji wa mwenyekiti, na bibi kizee asiye na mtu akiachwa nje. Orodha hizo zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, jina kwa jina, watu wakiwa wamekaa. Kijiji chajua maskini wake. Hakihitaji fomu ya kurasa tano.

Yafaa pia wanaokusanya mchango wafuate majira ya mkulima. Fedha ya korosho huja Oktoba hadi Desemba, ya pamba katikati ya mwaka. Kumfuata mkulima Machi akiwa na jembe tu mkononi ni kumtafutia sababu ya kukataa. Chama cha msingi cha ushirika chaweza kukata mchango siku ya malipo, kwa ridhaa ya mwanachama; Mfuko wa Taifa ulikwisha kujaribu njia ya namna hiyo kwa mpango ulioitwa Ushirika Afya. Dereva wa bodaboda apewe nafasi ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, maana yeye riziki yake ni ya kila siku.

Wazee walipokata kadi ya TANU mwaka 1954 na miaka iliyofuata, wengi walitoa fedha waliyoihitaji kwa unga, na walioikata ni wenye afya, wala hawakungoja waone bendera kwanza. Tunawaomba vijana wa Chama, na sisi tukiwamo, tuanze na nyumba zetu kabla ya kwenda kuhubiri kwa jirani.

Kila tawi lifanye mkutano mmoja juu ya jambo hili kabla ya msimu wa mauzo katika wilaya yake. Mganga wa zahanati aalikwe, na mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo. Waulizwe mbele ya watu: nyumba ngapi zimelipa, dawa gani zilikosekana robo mwaka iliyopita na kwa siku ngapi, na fedha ya bima iliyoingia katika kituo ni kiasi gani. Majibu yaandikwe na katibu, yabandikwe mlangoni pa zahanati, na nakala moja iletwe kwetu. Tutayachapisha majibu hayo kama yalivyo, na pale ambapo hakutolewa jibu tutachapisha jina la kituo na nafasi iliyoachwa wazi.